Saa ya Nakonde

Shangazi Loisi aliniuliza, kwa mara ya ngapi sijui, kama kile kitu kwenye kompyuta yangu ndicho kinachonizuia kuolewa. Nikamwambia ndicho. Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akasema haoni kitu ila mstari wa kijani unaotetemeka.

"Ndio huohuo, shangazi."

"Mwanamume mzima anangoja miaka yote hii kwa sababu ya mstari?"

Ningefungua mdomo ningekuwa mkali, na mimi nikiwa mkali huwa sijui pa kuishia. Steshenari ilikuwa yake, intaneti yake, hata kiti nilichokalia kilikuwa chake. Nyumbani kwetu Mbozi mtandao huja na kuondoka utakavyo, ndiyo maana nilikuwa nimekuja Tunduma kujibanza kwenye kona ya duka la shangazi, kati ya mashine ya fotokopi na mawakala wa forodha wanaokuja kuchapisha nyaraka za malori.

Mstari ule ulikuwa mwanga wa doa moja. Doa lenyewe lilikuwa Ujerumani, kwenye maabara ya chuo ninakosomea, ndani ya kipande cha fuwele ya boroni naitraidi nilichokibandua kwa mikono yangu. Tunabandua kwa selotepu, wala sitanii: unabandika, unavuta, unabandika tena, unavuta, mpaka unabaki na utando ambao jicho haliwezi kuuona kwa wembamba wake. Humo atomu zimepangwa kwa mistari kama miche ya kahawa. Pale ambapo moja imepotea na nafasi ya jirani yake imekaliwa na atomu ngeni, panabaki doa, na doa hilo lina sumaku ndogo ndani yake, mfano wa sindano ya dira. Kwa mawimbi yanayofanana na ya simu ninaweza kuisimamisha sindano, kuilaza, kuipindua. Nikiimulika kwa mwanga wa kijani, doa linanijibu kwa kung'aa zaidi au kufifia kidogo, nami najua imeelekea wapi. Chochote chenye usumaku kikipita karibu, hata kiwe kidogo kuliko tone la tone la damu, sindano inayumba na mimi nasoma.

Shida ni kwamba madoa mengi hayatii. Nilitafuta miaka miwili na zaidi kabla ya kulipata hili moja lililokubali kuongozwa, na hata hili majirani zake walikuwa hawalipi nafasi. Kila atomu ya pembeni ina kijisumaku chake na kila kimoja kina la kusema, mpaka doa linasahau nililoliambia. Ikabidi nijifunze kuipindua sindano tena na tena kwa wakati wake, ili fujo ya majirani ijifute yenyewe. Ndugu zangu nao wangekuwa wanatulizwa hivyo, ningekuwa nimeshaolewa zamani.

Maana baba yangu, Mzee Yonasi, aliapa. Dada yangu Rozi aliolewa akiwa katikati ya masomo, na vitabu vyake mpaka leo vinakula vumbi Vwawa kwa mume. Kwa hiyo mshenga wa kina Masumbuko, kijana ninayempenda, alipokuja na jembe la posa, kama desturi ya ukoo wetu inavyotaka, baba alilipokea kwa heshima zote, kisha akaenda kuliweka ghalani kwenye magunia ya kahawa. Akasema jembe litaingia ndani ya nyumba siku cheti changu kitakapoingia. Mpaka siku hiyo mimi si mchumba wa mtu. Mimi ni mwanafunzi.

Cheti kilikuwa kimebaki na kipimo kimoja tu, nacho ndicho kilichokuwa kinaendelea mchana ule. Kikikamilika, ningeandika na kumaliza kufikia mwezi wa nane, na baada ya kahawa kuvunwa tungefunga ndoa. Kulikuwa na jambo moja la kuangalia. Mwanga ndio unaotuonyesha doa, na mwanga huohuo ndio unaolichosha. Ukizidi, doa linafifia moja kwa moja na haliamki tena. Kifaa kinachozima mwanga chenyewe bila mtu kilikuwa kimeharibika, kipya kilikuwa njiani, na huko ilikuwa sikukuu, jengo limefungwa. Ilinibidi niuzime mimi kutoka Tunduma ifikapo saa kumi jioni.

Ndipo Masumbuko akaingia.

Nimemfahamu mtu huyu tangu tulipokuwa kidato cha tano, na bado akiingia mahali moyo wangu unafanya mambo ya kitoto. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka kupeleka mchele. Shati lilikuwa na vumbi la magunia, na ndevu hakuwa amenyoa. Alimwamkia shangazi kwanza, kwa adabu zote za Kisukuma, kisha akanitazama mimi. Alinitazama kidogo tu, kwa kuwa shangazi alikuwepo, lakini nilihisi kama amenishika mkono. Halafu nikaona kwamba anaogopa.

Akasema baba yake, Mzee Makene, amefika kutoka Kamsamba na amefikia gesti ya upande wa pili wa barabara kuu. Kesho alfajiri anarudi, na anataka kuniona sasa hivi. Nikamwambia sasa hivi siwezi. Akasema mzee hajawahi kuomba kuniona hata siku moja, na akiondoka bila kuniona, basi.

"Basi nini?"

Masumbuko akamtazama shangazi, shangazi akajifanya anapanga karatasi.

"Kuna familia kule kwetu imeshamwahidi baba binti wao," akasema kwa sauti ya chini. "Anataka ajue leo kama ni wewe au siyo."

Nilitazama mstari wangu. Ulikuwa umetulia vizuri, kipimo kinasonga, na saa kumi ilikuwa bado mbali. Simu yangu ndiyo iliyokuwa imeshikilia intaneti ya akiba, kwa hiyo nisingeweza kuichomoa kwenye kompyuta. Nikasema sina hata cha kunikumbusha muda.

"Niachie mimi," Masumbuko akasema. Alikuwa ameshatoa simu yake. "Miaka yote hii wewe unahangaika na hicho kitu, mimi nangoja tu. Nipe na mimi nishike kitu kimoja kwenye kazi yako, Tabita. Saa ngapi?"

Mwanamke gani angemnyima?

"Ilie kabla ya saa kumi, tupate muda wa kurudi," nikasema. Akabonyeza, akanionyesha, nikaona ameandika sawasawa. Nikamwonya shangazi asiguse kompyuta hata kwa bahati mbaya, hata kipanya, hata kutokee nini. Akaniapia kwamba hataisogelea.

Mzee Makene alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, fimbo kati ya magoti. Mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi na manyunyu yalikuwa yanakuja na kwenda, lakini yeye hakujali. Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakuniambia niinuke upesi. Alinitazama vizuri kama mtu anayetaka kukumbuka baadaye, kisha akaniambia nikae.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya watoto na kupika. Akaniuliza ninafuga nini huko Ulaya.

Nilidhani anatania. Masumbuko akaangalia chini. Mzee akasema anauliza kweli. Mwanawe amemwambia kuna kitu nakitunza usiku na mchana, nakiacha huko kinanipigia simu mpaka huku, na mtu anayetunza kitu hivyo kwake yeye ni mfugaji. Basi nikamweleza. Nikamwambia nina doa moja ndani ya utando mwembamba, na kati ya maelfu ya madoa hilo moja ndilo linaloitika nikiliita.

"Unaliitaje?"

"Kwa wimbi lake, baba. Kila moja lina wimbi lake. Nikikosea kidogo tu haliitiki."

Akatikisa kichwa taratibu. Ng'ombe wake, akasema, nao kila mmoja ana mluzi wake. Wapo wanaoitika kwa mtu yeyote, na wapo wanaomtaka mwenyewe tu. Akauliza tena kama ni hilo moja tu, hakuna la akiba. Nikasema ni hilo tu.

"Na likifa?"

"Halifi, baba. Leo ndiyo siku ya mwisho. Likipita leo, nimemaliza."

Nilisema kwa kiburi kidogo, nakiri, na Masumbuko akainua uso akanitazama kwa fahari iliyonifanya nione haya mbele ya baba yake. Mzee aliona. Wazee wanaona kila kitu, wanachagua tu cha kusema. Kisha akaongea kwa kirefu, nami nilimsikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Alisema alinunua jembe ingawa kwao mambo ni ng'ombe, kwa sababu Wanyiha wana yao na mwanawe amependa kwa Wanyiha. Alisema jembe hilo limelala ghalani muda mrefu kuliko jembe lolote analolijua. Amengoja mavuno ya kwanza, akaambiwa bado. Amengoja ya pili, akaambiwa bado. Malisho ya Momba yamebana, mwaka huu anahamisha mifugo kwenda mbali, na Masumbuko ndiye mkubwa. Hawezi kuhama na kijana asiye na nyumba. Hakunichukia, alisema, mwanzoni alidhani ninaringa, sasa ameniona na ameona siringi. Nikimwambia kazi imekwisha, atakwenda kuwarudishia wale watu neno lao na kuwaomba radhi. Nikimwambia bado tena, atamtuma mshenga akachukue jembe.

"Nataka jibu kabla giza halijaingia, niondoke nalo," akamalizia. "Sikulazimishi, mwanangu. Nami silazimishiki tena."

Nikamwambia nitamletea jibu mwenyewe, na litakuwa zuri. Akacheka, meno yake machache yakaonekana, akaagiza soda. Tukanywa. Akanisimulia jinsi Masumbuko alivyopotea na ndama kwenye mbuga za Kamsamba akiwa mdogo, na Masumbuko akabisha kila sentensi, na nikacheka mpaka nikasahau hofu niliyokuja nayo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na raha kiasi kile. Niliwaza, huyu ni baba mkwe wangu, na nikawaza tena ili nilisikie neno lenyewe.

Simu ya Masumbuko ikalia. Tukaaga tukavuka barabara tukipenya katikati ya malori, na kwa kuwa lori moja lilituficha, alinishika vidole na hakuviachia mpaka mlangoni pa shangazi.

Shangazi Loisi alikuwa amesimama nje. Alipotuona aliweka mkono kifuani.

"Nilipiga," akasema. "Saa kumi ilipopita nikapiga namba ya Masumbuko, wanasema haipatikani. Nikapiga tena. Wewe ulisema nisiguse, Tabita. Sikugusa."

"Ilipopita vipi?" nikauliza. "Si ndiyo inafika sasa?"

Nikaingia ndani. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa kumi na moja.

Masumbuko alikuwa nyuma yangu. Aliitazama ile saa, akaitazama simu yake, na nikamwona anaelewa kabla yangu. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na lango la forodha, ila saa haziko pamoja: kwetu ikiwa saa kumi, kwao Zambia ni saa tisa. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo inajirudisha nyuma yenyewe, haimuulizi mtu. Kila mfanyabiashara wa Tunduma anajua. Wakipanga kukutana wanaulizana kwanza, ya kwetu au ya kwao, na hata mtoto anayeuza karanga getini anauliza. Masumbuko ameuliza swali hilo kila siku ya biashara yake. Siku ile moyo wake ulikuwa kwa baba yake, na hakuuliza.

"Imedaka Nakonde," akasema.

Nilikaa kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa chini kabisa, umelala. Nikauzima mwanga, ingawa ilikuwa kama kufunga zizi ng'ombe wameshaondoka. Nikalipumzisha doa, nikauwasha mwanga tena kwa nguvu ndogo. Hakuna. Nikatuma wimbi lake, lile nililolihangaikia miaka miwili. Nikapandisha kidogo, nikashusha kidogo, huenda limehama. Hakuna. Wapo waliowahi kuona doa likiamka baada ya kupumzishwa, kwa hiyo nikangoja, nikajaribu tena, shangazi akiomba kwa sauti ya chini nyuma ya mashine ya fotokopi. Kipimo nacho, nilipokifungua, nikakuta hakifai: kilichosomwa mwanzo kilikuwa kizuri, lakini bila ile sehemu ya mwisho ya kulinganishia, hakuna mtu angekiamini, hata mimi mwenyewe nisingekiamini.

Nikamwandikia mwalimu wangu. Alijibu upesi ingawa ilikuwa sikukuu. Alinipa pole, akasema imewahi kumtokea na yeye, akasema nirudi tu, tutabandua utando mpya tuanze kutafuta.

Tuanze kutafuta. Alisema kwa wema, na sikuwahi kusoma maneno ya kikatili kama yale.

Shangazi akachukua khanga yake akasema anakwenda kununua sukari. Sukari ilikuwepo. Alikwenda ili tubaki.

Masumbuko alikuwa amekaa juu ya maboksi ya karatasi, mikono imening'inia. Hasira nilikuwa nayo, tena si kidogo, nami si mtu wa kuificha. Nilitaka kumuuliza mwaka wa ngapi huu anavuka lango lile. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliomba kushika kitu changu kama hajui kushika. Lakini nilimtazama na yote yakanikwama. Uso wake ulikuwa umeshajiambia yote hayo na mengine zaidi.

"Nimeliua mimi," akasema.

"Ajali haina kinga."

"Usinifariji, Tabita. Nitukane. Ukinitukana nitajua la kufanya."

"Nikikutukana litaamka?"

Akafunika uso. Nilimfuata nikakaa naye juu ya maboksi, bega kwa bega, kitu ambacho shangazi angekuwepo tusingekithubutu. Alikuwa ananuka mchele na mvua. Nililia hapo, begani kwake, kwa sababu ya doa, kwa sababu ya Mzee Makene na soda zake, kwa sababu saa moja tu iliyopita nilikuwa na baba mkwe. Akanishika kichwa na kunikandamiza kwake kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

Nilipokwisha kulia, akasema atakwenda kumwambia baba yake kwamba ataendelea kuningoja. Atakataa kuhama, atakataa huyo binti. Mzee atakasirika, mzee atapoa.

"Umemsikia leo," nikasema. "Ameshapoa. Ndiyo maana hatabadilika."

"Basi ahame bila mimi."

"Na ng'ombe wote wale? Na mgongo wake ule?"

Nikamwambia na upande wangu haufunguki: nikimwendea baba yangu niombe jembe liingie ndani bila cheti, ataniuliza kama nimemsahau Rozi, na mama atalia, na jembe litabaki palepale. Tulizunguka humo kwa muda mrefu. Kila mlango tulioujaribu ulikuwa na mzee wake amesimama hapo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Wangekuwa wabaya tungetoroka.

Nje kulianza kufifia. Masumbuko akasimama, kwa kuwa ahadi ilikuwa kabla ya giza, kisha akapiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ile ya saruji, akanishika mikono yote miwili.

"Niambie mpaka lini," akasema. "Hilo tu. Nikiwa na lini, naweza kusimama mbele ya baba."

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Doa lingine lingeweza kupatikana mwezi ujao. Lingeweza kupatikana baada ya miaka mitatu. Lingeweza kukataa kuongozwa, au kufifia nikiwa ndiyo kwanza naliona.

"Sijui."

"Sema hata uongo. Nipe tarehe ya uongo, mimi nitaishikilia hiyohiyo."

Alikuwa anamaanisha. Nilimwona machoni, na nikajua kwamba nikitaja mwezi wowote ule, atauchukua akaugombee kwa baba yake mpaka wafikie mahali pa kutoonana tena. Na mwezi huo ukifika atanitazama hivi hivi, amepiga magoti hivi hivi, nami nitamtajia mwingine. Nilikuwa nimeshampa Pasaka. Nilikuwa nimeshampa mavuno ya mahindi. Nilikuwa nimempa mwezi wa nane, na ndio huu tumeuzika pamoja.

Nikatoa mikono yangu kwenye mikono yake. Ilinibidi nivute, alikuwa ameshika kwa nguvu.

"Usiningoje," nikasema.

Alibaki pale chini akinitazama, akisubiri niongeze neno. Nilimwomba Mungu Masumbuko abishe. Tangu kidato cha tano tunabishana kuhusu kila kitu, nani alipe nauli, nani aage kwanza, na sikuwahi kumwambia jambo akalikubali mara moja. Akainuka, akafuta magoti ya suruali yake, akaweka simu mfukoni. Akaniambia nimpe shangazi salamu zake. Kisha akatoka, na safari hii akafanya kama nilivyomwambia.